Wakulima wote si 6111

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi na shirika dogo hapa Iringa. Tumekusanya takwimu za kaya katika wilaya za Mufindi, Mbarali na Rungwe. Safu ya kazi ni maandishi matupu: 'mkulima', 'biashara', 'kibarua', 'fundi', 'mama wa nyumbani'. Walioandikwa 'mkulima' ndio wengi kupita wote. Bosi anataka misimbo ya ISCO ya tarakimu nne ili tujilinganishe na takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Je, wakulima wote niwape 6111 nimalize? Na hao wa 'biashara' nianzie wapi?"

Marahaba. Nianze na wakulima, maana ukikosea hapo hakuna kitakachokuokoa kwingine: hapana, usiwape wote 6111, msimbo wa wanaolima mazao ya shambani na mboga kwa ajili ya soko. Ukifanya hivyo utapata jedwali safi lisiloeleza lolote kuhusu Nyanda za Juu Kusini. Mwenye majaruba kule Mbarali anayesubiri lori lije kubeba mpunga wake, bibi wa Rungwe mwenye mahindi, maharage na ng'ombe wa maziwa ya wajukuu, na kijana wa Mufindi anayechuma chai ya mwenzake kwa kulipwa kwa kilo, wote watatu wanaweza kumjibu mdadisi wako "mkulima", na hakuna aliyedanganya. Kwenye ISCO ni watu wa misimbo mitatu, tena yule kijana hayumo hata katika kundi kuu la wenzake.

Kwa ufupi, kwa wasomaji wengine watakaopita hapa: ISCO ni uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani. Toleo linalotumika ni ISCO-08. Lina makundi makuu 10, yanayogawanyika kuwa 43, kisha 130, kisha 436 yenye tarakimu nne. Kila tarakimu unayoongeza ni hatua moja ya undani. Kinachoainishwa ni kazi inayofanywa, yaani majukumu yake na ujuzi unaohitajika kuyatimiza. Haiainishi cheti cha mtu, wala mshahara, wala nani kamwajiri.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya safu tatu zinazopaswa kukaa mbalimbali. Kuna kazi ya mtu, ambayo ni ISCO. Kuna sekta, yaani mahali anapofanyia kazi panazalisha nini, ambayo ni ISIC. Na kuna hali yake kazini: ameajiriwa, amejiajiri, ameajiri wengine, au anafanya kazi ya familia bila malipo. Mhasibu wa kiwanda cha chai ni mhasibu. Chai ni habari ya kiwanda. Majibu "biashara" na "kibarua" uliyonayo si kazi hata kidogo. La kwanza linadokeza sekta, la pili linadokeza namna ya kulipwa. Ndiyo maana yanakukwamisha.

Turudi kwa mkulima. Swali la kwanza la kumuuliza, au la kuliuliza faili lako kwa niaba yake, ni hili: anafanya kazi kwenye shamba lake au anauza nguvu zake kwenye shamba la mwingine? Wa pili ni kibarua wa kilimo, kundi la 9, na kwa mazao msimbo wake ni 9211. Mchumaji wa chai anayepewa kikapu na mstari wake asubuhi namweka hapo. Vivyo hivyo wale wanaopandikiza mpunga wa watu kwa kulipwa kwa jaruba. Ila usimtupe humo kila anayepokea pesa shambani: kijana mwenye pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mikono) anayezunguka kulimia watu ni mwendesha mtambo wa shambani, 8341, kundi la 8. Nimeona faili nyingi ambamo vijana hao wote wameishia kuwa wakulima kwa sababu tu walikutwa na tope miguuni.

Swali la pili ndilo zito: mazao ni hasa ya kuuza au hasa ya kula? ISCO-08 inawatenga kabisa. Wanaolima zaidi kwa ajili ya soko wako kundi la 61. Wanaolima zaidi ili kaya ipate chakula wako 63: 6310 kwa mazao, 6320 kwa mifugo, 6330 kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Kuuza debe mbili ili kulipa ada hakumtoi mtu 63. Kuweka gunia mbili ndani kwa ajili ya ugali hakumtoi mtu 61. Kinachoangaliwa ni kusudi kuu.

Wewe hukuuliza kusudi, lakini kama dodoso lenu lina sehemu ya kilimo (na dodoso za kaya za huku huwa nayo), basi umeuliza kiasi kilichovunwa na kiasi kilichouzwa. Tumia hiyo. Weka mpaka wako, kwa mfano nusu ya thamani ya mavuno, uandike wazi kwamba huo ni mpaka wako, kisha ujaribu kuusogeza juu na chini uone ni watu wangapi wanahama. Wakihama wengi, mpaka wako ni dhaifu na msomaji wa ripoti anastahili kuambiwa hivyo. Jihadhari pia na msimu mmoja. Mwaka ambao mahindi yameharibika, mtu aliyelima kwa ajili ya kuuza ataonekana amelima kwa ajili ya kula. Na pima kwa thamani kuliko kwa gunia, maana kaya ya Rungwe inaweza kula mahindi yote iliyovuna huku ikiishi kwa parachichi au majani mabichi ya chai yanayopelekwa kiwandani. Ukihesabu gunia utaikosea.

Ukishajua kwamba mtu ni wa soko, ndipo unapochagua ndani ya 61. Mpunga, mahindi, viazi mviringo, nyanya za Ilula: 6111. Chai, kahawa, parachichi: 6112. Anayeuza viazi na chai pia, bila kimoja kumshinda mwenzake: 6114. Mwenye ng'ombe wa maziwa kama shughuli yake kuu: 6121. Mazao na mifugo vyote vikimwingizia kwa uzito: 6130. Hapa nashauri ugumu kidogo wa moyo. Kuku watano wanaozurura uani hawamfanyi mtu kuwa mfugaji, na ukiwa mwepesi utashangaa 6130 inavyovimba hadi kumeza nusu ya wilaya. Ukiwa na sehemu ya mifugo kwenye dodoso, dai iwepo mauzo ya maziwa au wanyama kabla hujampa mtu msimbo huo.

Kuna kipengele kingine cha wakulima wa chakula ambacho bosi wako anapaswa kukijua kabla hajachapa asilimia za ajira. Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu za Kazi, uliofanyika Geneva Oktoba 2013, ulibadili maana ya ajira. Tangu hapo, anayezalisha hasa kwa matumizi ya kaya yake anafanya kazi, ndiyo, lakini hahesabiwi kuwa kwenye ajira. Ajira ikabaki kuwa kazi ya malipo au ya faida. Kwa mkoa kama Njombe au Rukwa, mstari huo ukichorwa huku au kule, kiwango cha ajira kinaruka bila mtu yeyote kuacha jembe. Msimbo wa 6310 unaweza kuendelea kumpa, hakuna ubaya. Ila kwenye jedwali la walio kwenye ajira lazima uamue kama yumo au hayumo, na useme umefuata maana ipi.

Sasa "mama wa nyumbani". Nenda kwenye faili uangalie nani alijibu kwa niaba yake. Mara nyingi ni mume, kama mkuu wa kaya, akiwa amekaa kwenye kigoda na mdadisi mbele yake, huku mama huyo yuko shambani saa hiyohiyo. Au alijibu mwenyewe, akasema "nasaidia tu". Linganisha na sehemu ya kilimo: nani alipanda, nani alipalilia, nani alivuna. Mama aliyefanya kazi zote za shamba la kuuza ni 6111 kama mumewe, na hali yake kazini ni mfanyakazi wa familia asiyelipwa, au mwenye kujiajiri kama shamba lina maamuzi yake. Kukosa malipo hakumshushi kwenda 9211. Makosa ya aina hii hayatokei huku na kule kwa bahati, yanawaangukia wanawake karibu wote, kwa hiyo hayajifuti yenyewe sampuli ikiwa kubwa. Kama una muda wa kusafisha sehemu moja tu ya faili lako, safisha hiyo.

"Kibarua" ni rahisi zaidi ikiwa una safu ya sekta. Kibarua kwenye kilimo cha mazao, 9211. Kwenye ujenzi wa nyumba, 9313. Machimboni Chunya, 9311. Msituni, kupanda miche au kukusanya matawi, 9215. Kupakia na kushusha mizigo sokoni au stendi, 9333. Lakini usikisie kwa sekta peke yake pale ambapo sekta moja ina kazi nyingi za aina hiyo. Mbao za Mafinga ni mfano mzuri: aliyeandikwa "kibarua, mbao" anaweza kuwa anabeba magogo (9215), anaangusha miti kwa msumeno wa mnyororo (6210), anaendesha mashine ya kupasulia magogo (8172), au anapakia mbao kwenye lori (9333). Hapo sekta haikusaidii. Kama namba ya simu ya kaya ipo na walikubali kupigiwa, piga. Dakika mbili za simu zinashinda wiki ya ubishi ofisini.

"Biashara" ndiyo inayochosha. Unahitaji mambo matatu: anauza nini, anauzia wapi, na je, bidhaa anaitengeneza mwenyewe. Mwenye meza sokoni Mwanjelwa ni 5211. Mwenye duka analolisimamia mwenyewe ni 5221, na msichana anayemsaidia kuuza ni 5223. Anayetembea na nguo begani ni 9520. Anayeuza chakula cha kuliwa hapohapo kando ya barabara, mihogo, chipsi, mahindi ya kuchoma, ni 5212. Mamalishe mwenye kibanda, meza na mabenchi huwa na ubishi wake. Wengine humpandisha hadi 1412, meneja wa mgahawa, kwa kuwa "biashara ni yake". Umiliki haumfanyi mtu meneja. Kama saa zake zinaishia kwenye sufuria, na kusimamia watu si sehemu kubwa ya siku yake, ni mpishi: 5120.

Dalali wa viazi au mpunga anayeunganisha mnunuzi na mkulima kwa kamisheni ni 3324, na ndiye mtu pekee katika orodha yako ya "biashara" anayepanda hadi kundi la 3, la mafundi sanifu na wataalamu wasaidizi. Wadadisi humwona hana ofisi, humwona na simu mbili tu, wakamwandika machinga. Wakala wa miamala ya simu ni kisa cha pekee: ISCO-08 ilipitishwa Desemba 2007, na M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya Machi mwaka huohuo, kwa hiyo kazi hii haikupata nafasi yake. Mimi humweka 4211 pamoja na makarani wa dirishani benki. Mwingine anaweza kubishana nami, ila akishaamua, aamue kwa faili zima.

Kuhusu anayezalisha na kuuza, ISCO ina kanuni: mtu akifanya hatua zote, uzalishaji hutangulia mauzo na usafirishaji, isipokuwa hizo zimeshika sehemu kubwa ya kazi yake. Ulanzi wa Iringa unaieleza vizuri. Mgema anayekata machipukizi ya mianzi yake asubuhi na jioni msimu wa mvua, akauza mwenyewe kando ya barabara, ni mzalishaji. Mama anayenunua madumu kwa wagema akauza kilabuni ni muuzaji, na kwa kuwa anawamiminia wateja, 5132 inamfaa. Kwa mgema mwenyewe mimi huishia 61 tu. Ningeweza kumlazimisha aingie 6112 nikidai mianzi ni zao la kudumu, lakini sioni faida ya tarakimu mbili ambazo nimezibuni.

Hapo nimegusa jambo ambalo watu hulionea aibu bure. Huna wajibu wa kufikisha tarakimu nne kila mahali. ISCO inaruhusu kusimama juu na kujaza sifuri: "mwalimu" asiyeelezwa zaidi ni 2300, "dereva" ni 8300, "fundi" tupu ni 7000. Mkulima ambaye kweli huna chochote cha kumtenga, 6000. Bosi akiona sifuri nyingi atanuna. Mwonyeshe kwamba sifuri zinamwambia ukweli kuhusu dodoso lake, na kwamba 6111 ya kubahatisha ingemdanganya kwa sauti ya kujiamini.

"Fundi" huja na jina la pili mara nyingi, kwa hiyo mengi yatajipanga. Mwashi 7112. Seremala wa kuezeka na kupiga milango kwenye nyumba 7115, wa vitanda na makabati 7522. Cherehani 7531. Wa magari 7231, wa kuchomelea 7212. Saidia fundi si fundi: anachanganya zege na kupitisha matofali, ni 9313, hata kama anatarajia kuwa fundi mwakani. Unaandika anachofanya leo.

Madereva nao wapite haraka, isipokuwa bajaji. Wengi humpa dereva wa bajaji 8322 pamoja na teksi kwa kuwa ana paa na abiria watatu. ISCO inaweka pikipiki za magurudumu matatu pamoja na pikipiki, kwa hiyo bajaji na bodaboda wote ni 8321. Kwa jiji kama Mbeya kosa hilo peke yake linahamisha umati wa vijana. Hiace 8322, basi 8331, lori la kwenda Tunduma 8332, kondakta 5112. Mpiga debe wa stendi sijawahi kumpatia kiti kizuri. Humweka 9629, kapu la kazi nyinginezo, na huendelea na maisha.

Walimu na wauguzi hawana shida ukijua ngazi na kazi: msingi 2341, sekondari 2330. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwa 1113, lakini usimpe kwa heshima. Tazama saa zake. Akitumia siku nyingi shambani kuliko kwenye vikao, kazi yake kuu ni kilimo, na uenyekiti uende kwenye safu ya kazi ya pili.

Sasa namna ya kufanya. Usianze mstari wa kwanza wa faili ukashuka hadi wa mwisho. Utachoka, na maamuzi ya jioni hayatafanana na ya asubuhi. Toa orodha ya majibu yasiyojirudia, yahesabu, yapange kuanzia linalojirudia zaidi. "Bodaboda", "boda boda", "dereva pikipiki" na "bodaboda ya mtu" yatakuwa mamia ya watu kwenye mistari minne. Tengeneza kamusi: safu moja jibu kama lilivyoandikwa, nyingine sekta, nyingine hali kazini, kisha msimbo, kisha sababu ya uamuzi kwa maneno machache. Maandishi ya asili usiyaguse kamwe, hata yenye makosa ya tahajia. Msimbo unaweza kurekebishwa mwaka ujao. Jibu lililofutwa halirudi.

Chukua sehemu ya majibu, hasa yale magumu, uwape watu wawili wayape misimbo bila kuangaliana. Pima makubaliano yao kwa kappa ya Cohen, ambayo inaondoa makubaliano ya bahati tu. Ila usiishie kwenye namba hiyo. Angalia walipotofautiana, kwa sababu kutofautiana kati ya 6111 na 6114 ni jambo dogo, lakini kati ya 6111 na 9211 ni tofauti ya mwenye shamba na asiye na shamba, na kwa mradi wenu huenda ndiyo habari nzima. Kama unafikiria kuiachia programu ya kukisia misimbo, ipime kwanza kwa majibu yako mwenyewe. Nyingi zimefundishwa kwa Kiingereza na hazijawahi kukutana na "utingo" wala "deiwaka".

Hifadhi misimbo kama maandishi, si namba. Kundi la wanajeshi linaanza na sifuri. Ukifungua faili kwenye Excel, 0110 inageuka 110, na anayekuja nyuma yako akichukua tarakimu ya kwanza kupata kundi kuu atawakuta maofisa wa jeshi wamekuwa mameneja. ISIC ina mtego uleule: 0112 ya huko ni kilimo cha mpunga. Safu mbili zenye tarakimu nne zikikaa jirani, zote zikipoteza sifuri, mpunga wa Usangu unaweza kuingia jeshini bila mtu kugundua. Wape safu majina yanayojieleza.

Kuhusu kujilinganisha na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Wao wana uainishaji wa kitaifa, TASCO, uliojengwa juu ya mifupa ya ISCO. Pata kitabu chake, na kabla ya kulinganisha hakikisha jedwali lao limetumia toleo gani. Ukienda nyuma hadi takwimu zilizofuata ISCO-88 kuna shimo la kutumbukia: zamani wenye maduka waliwekwa kundi la 1 na mameneja, kwenye ISCO-08 wakahamishiwa 5221. Ukiweka miaka hiyo sambamba utaona mameneja wametoweka nchini, na mtu ataandika makala kuhusu kuporomoka kwa uongozi wa biashara.

Angalia pia kipindi kilichoulizwa. Utafiti wa nguvu kazi huuliza siku 7 zilizopita. Dodoso nyingine huuliza miezi 12. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Aliyehojiwa Januari yuko shambani, huyohuyo Septemba anafyatua tofali au anaendesha bodaboda. Hajabadili maisha, umebadili mwezi. Kama wadadisi wenu walipita Mufindi mvua ikinyesha na Mbarali baada ya mavuno, tofauti ya wilaya hizo mbili imechanganyika na tofauti ya majira, na hakuna msimbo utakaoitenganisha. Na kama utatumia takwimu za mkoa wa Mbeya za kabla ya 2016, kumbuka Songwe ilikuwa ndani yake, pamoja na kahawa ya Mbozi na biashara ya mpakani Tunduma.

Sampuli ya shirika dogo haibebi makundi 436. Weka tarakimu nne kwenye faili, lakini kwenye ripoti chapa tarakimu moja au mbili, na utenge 61, 63 na 92 hata kama mengine umeyaunganisha, maana hapo ndipo watu wako walipo.

Kwa dodoso lijalo, usiwape wadadisi orodha ya misimbo kwenye kishikwambi wachague. Watachagua cha kwanza kinachofanana, na usiku ukiingia watachagua kilekile kwa kila mtu. Waandike maneno, misimbo itolewe ofisini. Maswali ya kutosha ni haya: Katika siku 7 zilizopita, kazi yako kuu ilikuwa ipi? Katika kazi hiyo unafanya nini hasa, kwa kawaida? Mahali hapo panazalisha au kuuza nini? Unafanya kwako, kwa familia, au kwa mtu mwingine anayekulipa? Na kwa wa shamba na mifugo: unachozalisha ni hasa cha kuuza au hasa cha kutumia nyumbani? Wafundishe kwa mifano ya jibu baya na zuri. "Biashara" ni baya. "Nanunua nyanya Ilula, nauza kwa ndoo sokoni" ni zuri. Mdadisi akirudi na neno moja kwenye nafasi ya kazi, msimamizi amrudishe kaya hiyo siku hiyohiyo, kabla timu haijahama kijiji.

La mwisho ni la kabla ya kumtumia mtu faili. Kijiji chenye zahanati moja kina muuguzi mmoja au wawili. Ukiacha jina la kijiji, umri, jinsia na 2221 kwenye mstari mmoja, umemtaja kwa jina hata kama jina umelifuta, na pamoja naye umetaja mapato yake na madeni yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Faili la kugawa libaki na wilaya, umri kwa makundi ya miaka, na msimbo wa tarakimu mbili. Lenye tarakimu nne na kijiji lifungiwe ofisini, na bosi asaini kila anapolifungua mtu mwingine.